Mali Yangu Mwenyewe, Mie Sio Winga

Nyie! Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya kioo nachagua hereni za kwenda kuonana na mteja, si mnakumbuka? Basi hereni moja iko mfukoni kwa afande, na ya pili sijui nani kaiokota pale sheli ya Kimara. Kaeni vizuri niwape.

Kwa anayeingia leo: mie Tupokigwe, niite Tupo. Diploma ya ununuzi na ugavi ninayo, ajira sina. Duka la spea lilinitimua, mlisoma wenyewe. Nikajiongeza, nikafungua ukurasa mtandaoni, Tupo Spea Used, nikawa winga.

Winga mnamjua. Hana duka, hana stoo, hana hata boliti moja. Anapiga picha mali ya mtu, anaitupia mtandaoni, mteja akipatikana anakimbia kuichukua kwa mwenyewe na kuweka cha juu chake.

Na uwinga una sharti moja kubwa: usikubali hata siku moja kuwa wewe ni winga. Mteja akishajua tu, anakuruka. Kwa hiyo kila kitu unasema chako. Taa yangu. Bampa langu. Injini yangu, nimeishusha kwenye gari kwa mikono yangu.

Nilikuwaga nayasema hayo mara ishirini kwa siku, yananitoka kama salamu.

Mali nachukua kwa Hija, Tandale, nyuma ya soko la vyakula. Ana stoo ya mabati imejaa taa, saiti mira na redieta mpaka unaingia kiubavu. Hatuandikiani kitu. Tunapigiana tu simu.

"Risiti ya nini Tupo?" ananiambiaga. "Sie si ndugu?"

Na mie nacheka.

Akaja mteja anaitwa Mwanaheri, wa Mbagala. Anataka taa ya mbele ya gari la IST, ya kushoto. Ajabu, hakuuliza bei. Aliomba picha ya mbele, ya pembeni, ya nyuma. Tena ya nyuma aliiomba mara mbili. Halafu akasema: andika jina langu kwenye karatasi, na tarehe ya leo, weka karibu na taa, piga picha, nijue kweli unayo.

Nikasema huyu dada mjanja, hatapeliki huyu! Nikaifuata taa kwa Hija, nikailaza kitandani kwangu juu ya shuka la maua, karatasi pembeni, nikapiga mbele na nyuma, nikamtumia, na ukurasani nikaitupia: mali yangu mwenyewe. Tena nikamtumia na voisi tisa.

Na mie nikajilinda, msinione mjinga. Nimesema tuonane mchana kweupe, sehemu ya wazi, penye kamera na watu. Nimemwambia jirani naenda wapi. Mali sitoi mpaka hela iingie. Yote yanayosemwaga mtandaoni nimefanya. Nilijilinda nisiibiwe, jamani. Kingine sikukiwaza.

Saa nne asubuhi nipo sheli. Taa nimeikumbatia ndani ya mfuko wa salfeti.

Akaja mdada wa baibui jeusi, mwembamba, macho yamevimba kama aliyetoka kuugua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Ndo Tupo?"

"Ndo mie! Karibu dada, mali hii hapa, uione mwenyewe."

Akaipokea kama mtu anavyopokeaga mtoto mchanga. Hakutazama kioo. Kule pembeni ambako watu wanachongaga namba ya gari ili taa isiibwe, pamesuguliwa msasa, wala hakupatazama. Aliigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye sikio la kushikia boliti. Lile sikio lilishavunjika zamani, mtu kaliunga kwa kipande cha plastiki ya njano, kayeyusha na moto.

Kidole kikasimama hapo.

"Hii ya kwako kweli? Isije ikawa ya mtu."

"Haki ya Mungu dada, ya kwangu. Mie sio winga. Mawinga watakusumbua bure."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye gari langu. Nimeifungua mwenyewe."

"Na gari liko wapi?"

Hapa ndo nikaanza kunogesha. Nyie mnajua mie nikianza kunogesha.

"Limekwisha dada! Tumelikatakata lote, limebaki kopo. Hiyo ndo ya mwisho, ndo maana bei imesimama."

"Ulilinunua kwa nani?"

"Kwa jamaa mmoja, dereva wa taksi. Alikuwa na shida zake."

"Alikuuzia kwa moyo mweupe?"

"Moyo gani! Alilia. Alilia kama mtoto, dada."

Mwanaheri akaibana taa kifuani. Midomo ikawa myeupe, mie nikajua bei inamuuma. Nikawa tayari kuongeza chumvi.

"Alisema nini?" akaniuliza taratibu.

"Alikuwa anasema tu nina mke, nina mtoto, nionee huruma. Nikamwambia kaka yangu, biashara haina huruma."

Neno kwa neno nililitunga pale pale, kwa ajili ya cha juu.

Akaishusha taa chini. Akavuta simu kutoka ndani ya baibui, kumbe muda wote ilikuwa inarekodi, akapiga.

"Shemeji," akasema, "shukeni."

Kwenye gari jeupe lililokuwa linajazwa upepo wakashuka wanaume watatu. Wa mbele ana mabega ya kubeba magunia. Huyo ndo Mbwana, shemeji mwenyewe. Sikupata hata muda wa kusema shikamoo. Kofi la kwanza lilibeba hereni, la pili lilibeba sauti.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Kaka yako nani?"

La tatu.

"Talha yuko wapi? Mmemtupa wapi?"

Mnaelewa sasa? Talha ni mume wa Mwanaheri. Dereva wa taksi za mtandaoni. Siku ishirini na moja zilizopita alitoka asubuhi kumpeleka abiria Mbweni na IST yake, simu ikazimwa, mtu hakurudi, gari halikurudi. Mama yake kazunguka mochwari mpaka walinzi wanamjua kwa jina. Na ile plastiki ya njano kwenye taa ni kijiko cha uji cha mtoto wao. Talha alikiyeyusha jikoni, Mwanaheri ndo alimshikia taa.

Na mie nimemwambia mumewe alilia akiomba ahurumiwe.

Bodaboda wakajaa. Kuna mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, kama anayeniuliza naelekea wapi: "Dada, wewe utapenda moto wa kiberiti au wa tairi?" Wenzake wakacheka. Mwingine akamuuliza mhudumu wa sheli kama wanauza petroli kwenye chupa, na yule mhudumu, jamani, akageuka kutafuta chupa.

Nikapiga magoti. "Dada Mwanaheri! Waambie!"

Akasogea. Akaniinamia karibu kabisa, nikasema amenionea huruma.

"Msimuue," akawaambia. "Akifa huyu, nani ataniambia mume wangu kalala wapi?"

Ndo nilivyopona. Nimepona kwa sababu kuna kitu wanakitaka kutoka kwangu.

Kituoni tukamkuta Afande Polikarpo. Mtu mzima, miwani imefungwa na uzi, anaongea polepole kama anasoma tangazo. Akachukua hereni iliyobaki, akaitia mfukoni, akachukua simu yangu, akaomba namba ya siri, akaanza kufungua zile voisi. Moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote waliokuwa wamekuja na kesi zao.

"Dada Mwanaheri kipenzi changuuu! Usiwe na wasiwasi mamii, mali yangu mwenyewe, nimeitoa kwa mikono yangu hii hii, mie sio winga!"

Sikujua kama sauti yangu iko hivyo. Mama mmoja aliyekuja kushtaki kuku wake akasema, "Muuaji ana sauti tamu huyo."

"Afande, naomba niseme ukweli."

"Sema."

"Mie ni winga."

Akavua miwani. "Winga ndo nini?"

Nikamweleza. Sina stoo. Sijawahi kufungua hata tairi. Mali ni ya Hija wa Tandale, mie naiweka tu mtandaoni nasema yangu.

"Kwa hiyo hapa unaposema ni yako, unadanganya."

"Ndiyo afande."

"Na uliposema mwenye gari alilia?"

"Nilidanganya."

"Na gari limekatwa?"

"Sijui, afande. Nilidanganya."

Akaivaa miwani tena. "Binti, umesoma?"

"Diploma, afande."

"Basi nisaidie wewe uliyesoma. Unaniletea ushahidi kwamba wewe ni muongo, halafu unataka nikuamini?"

Watu wakacheka. Mbwana hakucheka. "Afande, nipe nusu saa tu na huyu," akasema. "Mama yangu analala chini siku ishirini na moja sasa. Mtaa mzima Mbagala uko kwenye mikeka ya shemeji yangu, wanamshika huku na huku asianguke. Huyu anatuletea hadithi za winga."

"Nipelekeni kwa Hija," nikasema. "Nawaomba. Nikiwaonesha stoo mtajua. Kama sio yeye, nifungeni."

Hiyo ya mwisho nani alinituma niiseme?

Tukaenda Tandale na gari la Mbwana. Afande mbele, mie nyuma katikati ya mabega mawili. Mwanaheri kaipakata taa mapajani njia nzima, hakuiachia. Mara moja tu aliniuliza, bila kunitazama:

"Alikuwa kavaa nini?"

"Dada, mie sijawahi kumuona."

"Asubuhi ile alivaa fulana ya kijani. Alikuwa nayo?"

"Dada wallahi sijawahi kumuona."

Mkristo mzima nimeapa wallahi. Ningeapa kwa lolote.

Stoo ya Hija ilikuwa wazi. Na Hija mwenyewe yupo, kakaa kwenye ndoo, anakula muhogo wa kukaanga. Jamani nilivyofurahi! Nilitaka kumkumbatia.

"Hija! Waambie! Waambie hii taa nilichukua kwako Jumatano!"

Hija akaitazama taa. Akamtazama afande. Akajifuta mafuta mdomoni kwa nyuma ya kiganja, taratibu, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo afande. Huyu dada namfahamu, siwezi kukataa."

"Si unaona!" nikaruka.

"Ni msumbufu huyu. Alikuja hapa na hiyo taa anataka niinunue. Nikamwambia dada yangu, hii imefutwa namba, hii mali ya mtu, ipeleke polisi. Akanitukana. Kwani hakuwaambia?"

Nyie, nilihisi kama ardhi ya Tandale imekuwa maji.

"Hija! Mie Tupo! Sie si ndugu?"

"Ndugu wa wapi? Wewe Mnyakyusa, mie Mzaramo."

Wapakiaji wa magunia waliosimama mlangoni wakaangua kicheko.

Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wangu. "Ona mwenyewe afande. Taa iko kitandani kwake, juu ya shuka lake. Pameandikwa mali yangu mwenyewe. Mie hapa nina karatasi gani inayosema nimempa? Una karatasi, dada?"

Sina. Sina hata kipande.

"Una meseji yangu yoyote?"

Sina. Tulikuwa tunapigiana tu.

Kisha akanisogelea, akaongea kwa huruma kabisa, na hapo ndo aliponimaliza: "Tupo, mdogo wangu, waoneshe tu walipomzika. Waislamu hao, wanataka wamsitiri ndugu yao. Utapunguziwa hata adhabu."

Mwanaheri akatoa sauti, sio kilio, kitu kidogo tu kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mbwana akanishika shingo kwa nyuma. Afande hakumkataza. Akaufungua mguu wa miwani uliokuwa unamsumbua, akaufunga tena, akatoa daftari.

"Jina kamili," akaniambia.

Na simu yangu ikaita mkononi mwake.

Namba ngeni. Afande akaitazama, akanitazama.

"Mwenzako?"

"Siijui, afande. Wateja wanapigaga namba ngeni."

Akabonyeza, akaweka laudi spika, akanisogezea mdomoni. "Ongea kawaida. Ukimshtua, ole wako."

Shingo iko kwenye kiganja cha Mbwana, damu iko kwenye meno. Nikavuta pumzi.

"Haloo, Tupo Spea Used, karibu mpendwa!"

"Eeh, dada." Sauti ya mwanaume, tulivu, kama kalala. "Ile taa ya IST uliyoweka, yenye plastiki ya njano kwa nyuma. Umeshaiuza?"

"Bado kaka. Ipo. Mali yangu mwenyewe."

Imenitoka! Hata pale imenitoka!

Yule mwanaume akacheka. "Acha uongo wewe. Umeichukua kwa Hija hapo Tandale. Lile gari nilimuuzia mie mwenyewe, nzima nzima, alikate. Sina shida na hilo."

Kiganja cha Mbwana kikalegea shingoni. Muhogo wa Hija ukaanguka. Mie nikataka kupiga kigelegele, Mungu anisamehe. Mtu hajafa! Mie sijaua! Nipo huru!

"Sasa kaka shida nini?" nikauliza kwa furaha.

"Naomba ufute hiyo picha. Nitakutumia hata ya soda."

"Kwa nini?"

"Nina mwanamke hapo Dar, tuna mtoto. Yule anakijua hicho kijiko. Akikiona tu ataanza kunitafuta, na mie sitaki kutafutwa, umenielewa? Waache wazoee."

Nyuma yake tukasikia sauti ya mwanamke, ya kudeka: "Unaongea na nani? Njoo, chai inapoa."

"Nakuja, mke wangu," akajibu. Halafu kwangu: "Futa leo, dada."

Akakata.

Wapakiaji waliokuwa wananicheka wameshika midomo. Mie machozi yananitoka nacheka, nacheka nalia, namtazama Afande Polikarpo kama namtazama baba yangu mzazi.

"Umesikia, afande? Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia sauti ya mtu," akasema. "Mtu gani, mie sijui." Akamgeukia Mwanaheri. "Mama, hii sauti unaifahamu?"

Mwanaheri alikuwa kasimama pale pale. Taa kaikumbatia, kidole kiko kwenye kile kijiko, anakisugua, anakisugua. Uso umekauka. Yale macho yaliyovimba kwa siku ishirini na moja hayakuwa na hata tone.

Nikamwona anafikiria. Nyie, nilimwona! Nilimwona anapita kwenye ile mikeka yote Mbagala, anapita kwa kila mwanamke aliyemshika mkono akamwambia pole mama, mumeo alikuwa mtu mzuri.

"Dada," nikamwambia, "sema tu. Nakuomba."

Akanitazama mara ya kwanza tangu tutoke sheli.

"Siijui," akasema.

"Dada!"

"Siijui hiyo sauti. Mume wangu angekuwa hai angenipigia mie, asingempigia huyu. Huyo ni mwenzao. Wamepanga." Akamgeukia afande. "Mume wangu kafa. Huyu binti kaniambia kwa mdomo wake alivyolia, ninayo kwenye simu. Endelea kuandika, afande."

Hija, mwanaharamu yule, akaokota muhogo wake, akaupuliza vumbi.

"Na wewe?" Afande akamuuliza Mbwana. "Ni ndugu yako wa tumbo moja. Sauti yake huwezi kuisahau."

Mbwana akafungua mdomo. "Shemeji..." akaanza.

"Shemeji nini?" Mwanaheri akamkata. "Unataka ukamwambie nini mama? Kwamba yuko wapi? Anakunywa chai?"

Mbwana akanitazama shavuni, pale vidole vyake vilipojichora. Akatazama chini.

"Siijui, afande," akasema. "Sio Talha huyo."

Afande akalamba ncha ya kidole, akafungua ukurasa mpya. Simu yangu kaiweka juu ya redieta.

Ikaita tena. Namba ile ile.

Mwanaheri ndo alikuwa karibu. Aliidaka kabla ya mtu yeyote, akaisukumiza ndani ya baibui lake, ikawa inaita humo humo, kifuani, na wimbo wangu ule wa kijinga wa singeli, na sie wote tumesimama tunamtazama.

"Lete simu, mama," Afande akasema, akanyoosha mkono.

Mwanaheri akarudi nyuma hatua moja.